Kamusi ilisema kuungana, wewe ukaandika kuunganishwa: kuhusu kitenzi "coalesce"

Swali: "Shikamoo Mwalimu. Ninaandika tasnifu ya uzamili kuhusu vikundi vya kuweka na kukopa (VICOBA) na vyama vya ushirika vya akiba na mikopo (SACCOS) mkoani Morogoro. Katika sura ya nne niliandika: 'The three VICOBA groups were coalesced together by the district officer to become one SACCOS.' Msimamizi wangu amepiga mistari miwili myekundu chini ya 'coalesced together', akaweka alama tatu za kuuliza, basi. Nimefungua kamusi, imeniambia 'coalesce' ni kuungana. Na vikundi vimeungana kweli, nimeviona kwa macho yangu. Kosa liko wapi? Nikiweka 'merge' au 'join' nitakuwa salama? Halafu naogopa siku ya kutetea, maana hata namna ya kulitamka siijui."

Marahaba, mwanangu. Rudia kuisoma barua yako polepole, utaona umeshajijibu. Kamusi ilikuambia kuungana. Wewe ukaandika kuunganishwa. Katikati ya maneno hayo mawili amesimama mtu mzima, bwana afisa wa wilaya, na kitenzi hiki hakimtaki mtu huyo kabisa. Hilo ndilo kosa, karibu lote. Lile "together" ni kosa dogo, tutalifikia.

Lugha yetu imetubariki katika jambo hili, ila hatuitumii baraka yenyewe tunapoandika Kiingereza. Shina ni moja, -unga. Likipata -an- linakuwa ungana: vitu vyenyewe vinakutana. Likipata -ish- linakuwa unganisha: kuna mkono unaovikutanisha. Ukiweka -w- ni unganishwa: mkono upo, hata kama umejificha. Mtoto wa darasa la pili hakosei. Hasemi "fundi ameungana waya". Kiingereza hakina mikia hiyo. Vitenzi vyake vingine vinafanya kazi zote mbili bila kubadilika hata herufi, vingine vimezaliwa na kazi moja tu, na sura ya neno haikuonyeshi ni kipi kati ya hivyo. "Coalesce" kimezaliwa na -an- peke yake. Kwa hiyo kabla hujakiandika, sema sentensi yako kwanza kwa Kiswahili. Ikikutoka na -ungana, endelea. Ikikutoka na -unganisha au -unganishwa, tafuta kitenzi kingine.

Ila jaribio hilo linakufikisha mlangoni tu. Kwetu kuungana kunabeba mambo mengi: mito inaungana, barabara zinaungana, wafanyakazi wanaungana kudai mshahara. "Coalesce" ni chembamba zaidi, na namna ya kukielewa ni kwenda jikoni.

Umewahi kumwangalia mtu akipika mafuta ya nazi? Tui linainjikwa motoni, jeupe, zito. Weupe ule ni vijitone vya mafuta visivyoonekana kwa macho, kila kimoja kimezungukwa na maji. Moto unakolea, maji yanapungua, vijitone vinaanza kugusana. Viwili vinakuwa kimoja, kile kikubwa kinameza cha jirani, mpaka mafuta yanaonekana juu na mashapo yaliyoungua yanatulia chini. Kwa Kiingereza: "As the coconut milk boils, the oil droplets coalesce and rise to the top." Mama amekuna, amekamua, amekoleza moto, amekoroga. Hajaunganisha tone hata moja. Matone yameungana yenyewe, na yakishaungana huwezi tena kusema hili lilikuwa la kwanza na lile la pili.

Mvua ya nchi zenye joto inanyesha kwa njia hiyohiyo. Kitone cha kawaida cha wingu kina kipenyo cha karibu milimita 0.02. Tone la mvua lina kama milimita 2, yaani mara 100. Kwa kuwa ujazo unapanda kwa kipenyo kilichozidishwa chenyewe kwa chenyewe mara tatu (100 × 100 × 100), tone moja la mvua linahitaji vitone vya wingu kama 1,000,000. Vitone vikubwa kidogo vinaanguka haraka kuliko vidogo, vinavigonga njiani na kuvimeza. Wataalamu wa hali ya hewa wanaandika "the droplets collide and coalesce", wala hawamtaji aliyeviunganisha, maana hayupo.

Kutoka kwenye sufuria na wingu tunapata tabia mbili za kitenzi hiki ambazo tafsiri ya "kuungana" haikuonyeshi. Kwanza, mipaka inapotea. Maharage na mahindi ndani ya makande hayaja-"coalesce", hata yakae jikoni siku nzima, kwa sababu harage bado ni harage. Matofali yaliyojengewa kwa saruji nayo hayamo, yameshikana tu. Pili, jambo linakwenda kidogokidogo.

Huo upolepole umo kwenye ukoo wa neno. Linatoka Kilatini, "coalescere": "co-" ni pamoja, na "alescere" ni kukua, likitokana na "alere", kulisha au kulea. Kukua pamoja mpaka kuwa mwili mmoja. Ukoo huo ndio uliotupa pia "adolescent", kijana anayekua, na "alumni", wale waliolelewa na chuo, ingawa wengine tulilelewa kwa ugali na maharage ya kila siku. Warumi walilitumia neno hili kwa kidonda kinachofunga na kwa mmea unaoshika. Wewe uko Morogoro, bila shaka umeona miembe ya kubebesha. Fundi anachonga kikonyo, anakipachika kwenye mche, anafunga kwa ukanda wa nailoni. Hapo ameunganisha. Baada ya wiki kadhaa anafungua ule ukanda na kukuta vimeshikana, nyama kwa nyama, utomvu unapita. Hilo la pili hakulifanya yeye. Ndilo "coalescere".

(Usikimbilie kuandika kwa Kiingereza cha leo kwamba mwembe au mfupa ume-"coalesce", lakini. Waingereza wa sasa wanasema "the graft has taken" na "the bone has knit". Sisi tunasema mfupa umeunga, na ninalipenda hilo kuliko yote mawili.)

Sasa tutoke shambani twende kwenye watu, maana ndiko ulikoteleza. Vikundi vya watu vinaweza ku-"coalesce", tena ni matumizi ya kawaida sana katika maandishi ya siasa na jamii. Mfano mzuri ni Kenya mwaka 2002. Vyama vya upinzani vilivyokuwa vimegawanyika katika chaguzi za 1992 na 1997 vilianza kusogeleana, kundi la waliotoka KANU, chama kilichokuwa madarakani, likajiunga nao, na tarehe 14 Oktoba Raila Odinga akasema pale Uhuru Park "Kibaki tosha", yaani Kibaki anatosha kuwa mgombea wetu wa urais. Mwandishi wa Kiingereza ataandika: "In 2002 Kenya's opposition coalesced around Mwai Kibaki." Ona kile "around". Kibaki ndiye kiini ambacho wengine walijikusanya kukizunguka. Yeye hakuwaunganisha kwa amri, na hakuna mtu mmoja unayeweza kumtaja kuwa mtenda.

Linganisha na jambo la kwetu. Tarehe 5 Februari 1977 TANU na Afro-Shirazi viliungana ikazaliwa CCM. Je, hapo tuandike "coalesced"? Mimi nisingeandika. Kulikuwa na uamuzi na tarehe. Vyama viwili viliacha kuwapo siku moja na kimoja kikaanza siku hiyohiyo. Hiyo ni "merged": "TANU and the Afro-Shirazi Party merged to form CCM." Na Muungano wa Tanganyika na Zanzibar wa 26 Aprili 1964 hauendi kwa "merged" wala "coalesced", una kitenzi chake ambacho kila mtu anakijua, "united". Wanafunzi wangu nawapa kipimo cha kienyeji: jambo likiwa na tarehe na sahihi, liogope "coalesce". Kipimo hicho hakijaandikwa katika kitabu chochote cha sarufi, lakini kimeniokolea muda mwingi wa kusahihisha.

Utaniuliza, mbona "coalition" imetoka tumbo lilelile, na serikali ya mseto ina makubaliano na sahihi tele? Kweli imetoka humo. Na zaidi, katika mseto vyama vinabaki na majina yao, bendera zao na ugomvi wao, mipaka haipotei hata kidogo. Ndugu wa tumbo moja hawana lazima ya kuwa na tabia moja. Nomino ilikwenda bungeni, kitenzi kikabaki na wanaotazama mawingu.

Tuje kwenye "together". Waingereza wenyewe wanasema "join together" bila aibu, hata katika ibada ya ndoa wanandoa wana-"joined together". Kwa hiyo kosa si la neno "together". Kosa ni kwamba ndani ya "coalesce" ile "co-" tayari imeshasema pamoja. Ukiongeza "together" umesema kukua pamoja pamoja. Nasi tunafanya hivyohivyo katika Kiswahili chetu, "tuungane pamoja", na hakuna anayeshtuka, ndiyo maana mkono wako ulikimbilia huko. Iondoe. Na usiweke "each other" nyuma ya kitenzi hiki. Hakipokei yambwa, yaani kitu kinachotendewa, kwa hiyo hakuna cha kutendeana.

Kinachofuata nyuma yake ni vihusishi vichache. "Into" inataja kilichozaliwa: "the small pools coalesced into a lake". "With" inamtaja mwenzake: "one colony coalesced with another". "Around" umeshaiona. Ukitaka kitenzi cha kuzaa, weka "to form", hiyo inakaa vizuri kuliko "to become" uliyoandika wewe. Kiima cha sentensi kiwe wingi au kitu chenye wingi ndani yake, kama "the opposition" au "the evidence". Kitu kimoja kigumu, meza kwa mfano, hakiwezi. Na mawazo yanaruhusiwa: "Her ideas slowly coalesced into a plan." Sentensi hiyo huenda ukaihitaji katika sura ya tano.

Sasa umeuliza kama "merge" na "join" ni salama. "Merge" ni salama kweli, kwa sababu kinabeba -ungana na -unganisha kwa pamoja. "The groups merged" ni sahihi, "the members merged the groups" ni sahihi, "the groups were merged into one" ni sahihi. Ukiwa na haraka na huna uhakika nani alifanya nini, hicho ndicho kitenzi cha kukimbilia.

"Join" ni mtego, na mtego wenyewe tumeutega sisi. Kwetu mtu anajiunga NA chama, anajiunga NA chuo. Ile "na" inatufuata mpaka kwenye Kiingereza, tunaandika "she joined with the SACCOS" au "he joined to the university". Nimeiona hata kwenye barua za kuomba kazi za watu wenye shahada mbili. "Join" kinachukua yambwa moja kwa moja: "she joined the SACCOS". "Join with" ipo, lakini ina maana ya kushirikiana na wengine katika kufanya jambo: "they joined with their neighbours to repair the road". Na vitu vikikutana vyenyewe, kama mito, "join" kinafaa sana: "The Kilombero and the Luwegu join to form the Rufiji." Mito haiandikiwi "coalesce" kwa kawaida. Inakutana mahali pamoja panapojulikana, unaweza kusimama pale ukaona. "Converge" ni kuelekea sehemu moja, kufika au kutofika ni habari nyingine. Waya na mabomba ni "connect". Basi, hivyo viwili havina mengi.

Nikuonye jambo moja usije ukaona nimekudanganya. Utakutana na "coalesced" katika umbo la kutendwa, hasa kwa watu wa kompyuta. Programu inayogawa kumbukumbu ya kompyuta ikikuta vipande viwili vitupu vimekaa jirani, inaviunganisha kiwe kimoja, na wenyewe wanaandika "adjacent free blocks are coalesced". Na ukimfuata mtu wa kanzidata atakuonyesha SQL, lugha ya kuulizia habari ndani ya kanzidata, ambayo tangu viwango vya 1992 ina amri iitwayo COALESCE. Amri hiyo haiunganishi chochote. Unaipa orodha ya thamani, inakurudishia ya kwanza isiyo tupu. Simu ya kazini haipo, chukua ya mkononi, na hiyo haipo, chukua ya nyumbani. Hapo neno limetekwa, usilifuate. Kamusi ya Merriam-Webster nayo inakubali kwamba kitenzi hiki kinaweza kuchukua yambwa, wakati kamusi za wanaojifunza lugha, kama ile ya Oxford, zinakionyesha kuwa hakichukui. Kwa hiyo ukibishana na msimamizi wako unaweza kushinda kwa ushahidi. Nakushauri usibishane. Sentensi inayohitaji wakili ni afadhali kuiandika upya.

Na kabla sijaigusa sentensi yenyewe, nikupe mfano mmoja wa kukaa nao, usiohitaji kamusi wala jiko. Sema "watu" halafu "-ingi". Kwa hesabu ya viambishi ingekuwa "waingi". Husemi hivyo, unasema "wengi". Vivyo hivyo ma- na -ingi ni "mengi", pa- na -ingi ni "pengi", na mwizi mmoja akileta wenzake hawawi "waizi", wanakuwa wezi. A imekutana na i, zote mbili zimepotea, imezaliwa e. Hakuna mtu aliyekaa kikao akaamua. Katika vitabu vyetu vya fonolojia jambo hilo linaitwa muungano wa sauti, na wanaisimu wanaoandika kwa Kiingereza wanasema irabu hizo "coalesce into" e. Vitu viwili, mipaka imefutika, hakuna mkono, kipya kimetokea. Kila ukisema "wengi" umekitenda kitenzi hiki mdomoni mwako.

Haya, sentensi yako. Siwezi kukusahihishia mpaka unijibu: ni nini hasa kilitokea? Kitenzi utakachochagua kitamwambia msomaji nani alifanya kazi, na katika tasnifu ya ushirika hilo si pambo. Uanachama wa hiari ndiyo kanuni ya kwanza kabisa ya vyama vya ushirika duniani, na wewe umeandika kwamba vikundi vitatu vya akina mama na akina baba waliokuwa wakiweka hisa zao kila wiki viliunganishwa na afisa. Mtahini makini hataishia kwenye sarufi. Atakuuliza: wanachama walikubali?

Kama kweli afisa ndiye aliyeamua, sema wazi: "The district officer merged the three VICOBA groups into one SACCOS." Kisha ueleze katika aya inayofuata ilikuwaje. Kama wanachama ndio waliokaa wakapiga kura na afisa akawasaidia makaratasi ya usajili, basi: "With help from the district officer, the three VICOBA groups merged to form a SACCOS." Hiyo ndiyo ninayohisi ilitokea, maana umesema uliviona vikiungana, na ulimi wako ulitumia -ungana ulipoacha kuogopa Kiingereza.

Ipo na ya tatu. Huenda kabla ya siku ya usajili kulikuwa na miaka ambayo wanachama walianza kuhudhuria vikao vya wenzao, mtu wa kikundi hiki akakopa kule, wakaweka faini zinazofanana, wakanunua sare moja ya kitenge, mpaka watu wa mtaa wakawa hawajui nani ni wa kikundi gani. Kama uliyakuta hayo kwenye mahojiano yako, hapo, na hapo tu, una haki ya neno lako: "Over several years the three groups gradually coalesced into a single body, which was then registered as a SACCOS." Angalia nilivyotenganisha. Kukua pamoja nimewapa watu wenyewe, usajili nimeupa umbo la kutendwa, kwa sababu usajili una mhuri na mhuri una mkono. Kama hukuyakuta, usiyatunge ili kulinda kitenzi.

Kuhusu kulitamka. Herufi nne za mwanzo zinafanana na "coal", makaa ya mawe, na nimewahi kumsikia mtu akilisoma hivyo mbele ya jopo, "kol-es", na mzee mmoja wa jopo akauliza kama tasnifu inahusu uchimbaji. Ni silabi tatu: ko-a-LES. Mkazo uko mwishoni, tofauti na mazoea yetu ya kukazia silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo ulimi utataka kusema ko-A-les, ukatae. Ile "sce" yote ni s moja tu. Wakati uliopita ni ko-a-LEST, usiongeze "-ed" ya kusikika. Lirudie mara kumi ukiwa unaosha vyombo. Ila kama utakuwa umechagua sentensi ya pili, ile ya "merged", hutalihitaji siku hiyo.